Jiwe Nyuma ya Tairi

Wanafunzi wangu huniita Mama Breki, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi. Nafundisha watu kuendesha gari, na mtu akiniendea ovyo barabarani mimi siwezi kumbembeleza. Jumatatu hiyo nilikuwa na daktari wa meno, mwanamume mzima, mpole, aliyezoea watu wamwogope yeye, na sasa jasho linamtiririka kwa sababu ya lori moja lililokuwa nyuma yetu. Simu yangu ikalia. Nikaitupia jicho. Halmashauri. Gari lenye namba zangu limekutwa limeegeshwa kwenye njia ya mabasi, mbele ya posta, Jumamosi asubuhi.

"Simama!" nikasema.

"Hapa katikati?"

"Pembeni, daktari, pembeni! Nani kakwambia katikati?"

Akasimama. Mwaka ule halmashauri ilikuwa imetutungia sheria walimu wa udereva: kosa la tatu, kibali kinachukuliwa. Mawili nilikuwa nayo tayari, yote ya wanafunzi, kwa sababu mwanafunzi akivurunda anayeandikiwa ni mwalimu. Hili likiingia, nimemwaga unga. Faini yenyewe ningeilipa huku nanuna, yakaisha. Kibali ndicho kilichonipandisha presha. Kibali kile ndicho kinachotulisha mimi, baba na mama, maana tangu ndoa yangu ivunjike nimerudi kwa wazazi, na tangu baba aache malori, mimi ndiye mwanamume wa nyumba, kama anavyosema mama akitaka kunichokoza.

Na gari Jumamosi halikutoka! Mdogo wangu alikuwa amejifungua, shemeji akaja kunichukua mapema na gari lake. Langu nililiacha uani, ufunguo umetundikwa jikoni. Jioni nikalikuta pale pale. Sasa kama mbele ya posta kulikuwa na gari lenye namba zangu, basi kuna mwizi mahali amezighushi. Hilo kwangu lilikuwa wazi, halina mjadala. Nikaandika rufaa papo hapo kwenye simu, daktari ameshikilia usukani kwa mikono miwili utadhani utakimbia. Niliandika kwa hasira, vidole vinarukaruka. Kwamba namba zimeghushiwa, kwamba halmashauri inaona magari lakini haioni wezi, na kwamba kesho ninakuja mwenyewe, mnitambue.

"Naweza kuendelea?" daktari akauliza kwa sauti ndogo.

"Endelea. Na ukimgonga mtu leo, chagua wa halmashauri."

Kesho yake nikawa wa kwanza mlangoni. Chumba cha rufaa kina mabenchi ya chuma yaliyofungwa sakafuni, labda wanaogopa tutayabeba, na dirisha la kioo lenye tundu lililotobolewa chini mno, hata mtu akitaka kugomba lazima ainame kwanza. Nilikaa, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Mlinzi akaniuliza kama natafuta choo. Nyuma ya kioo alikuwapo kijana mmoja wa ofisi, shati limepigwa pasi, ambaye kila nikifungua mdomo anasema, "Subiri, mama." Moyoni nikambatiza Bwana Subiri.

Nilipoitwa, sikumpa hata nafasi ya kunisalimu.

"Kaka, hilo si gari langu. Namba zangu zimeibwa. Mimi ni mwalimu wa udereva, mimi ndiye nawafundisha watu wasipaki kwenye njia ya mabasi, nitapakije huko mwenyewe? Nina wazimu?"

"Subiri, mama. Nifungue picha."

"Fungua. Fungua hata sinema."

Akanigeuzia kompyuta. Nikainama kwenye lile tundu, mdomo wangu umeshajaa maneno mengine, na maneno yakaishia hapo hapo.

Gari lilikuwa langu, na lile bonde la mlango wa nyuma nililogongewa na mwanafunzi. Lakini siyo bonde lililonimaliza. Gari lilikuwa limenyooka. Limekaa sambamba na ukingo wa barabara, tairi la mbele na la nyuma umbali ule ule, kioo cha pembeni kimekunjwa kwa ndani. Na nyuma ya tairi, barabara tambarare kama meza, kulikuwa na jiwe.

Baba yangu aliendesha malori ya mizigo tangu kabla sijazaliwa. Wenzake walimwita Mzee Rula kwa sababu alikuwa anaegesha kwa mstari, na ukipaki umepinda kidogo anashuka anakutukana. Madereva wa zamani wakipaki lori huweka jiwe nyuma ya tairi, uwe mlima usiwe mlima, breki ziwe nzima zisiwe nzima. Wengine wakiacha kazi ya lori, jiwe wanalisahau. Baba hakulisahau. Hata baiskeli yangu ya utotoni aliiwekea jiwe. Kwenye mji huu wote hakuna mtu mwingine anayeliwekea jiwe gari dogo mbele ya posta.

"Mama, uliandika namba zimeghushiwa," akasema Bwana Subiri. "Gari ni lako au si lako?"

"Subiri," nikamwambia mimi.

Akacheka, kumbe ana meno. Kisha akanieleza kwa upole, na upole wake ukanichoma zaidi. Kama aliyeendesha ni mtu mwingine, aje mwenyewe Alhamisi na leseni yake, aseme mbele ya kamati, atie sahihi. Kosa linahamia kwake, mimi kibali changu kinabaki. Asipokuja, kosa ni langu.

Nilirudi nyumbani mbio, roho juu, na bado njiani nikawa napanga maneno. Mama alikuwa ukumbini anachambua mchele. Baba amekaa mlangoni pake pa kila siku, redio mapajani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Baba, Jumamosi ulichukua gari langu?"

Akapunguza sauti ya redio. Nilitegemea akane, nimkaripie kidogo, maana mdomo wangu haumjui mkubwa wala mdogo. Wala hakukana.

"Nilichukua. Kwani niliiba?"

"Baba! Si tulikubaliana? Ukitaka kwenda mahali niambie nikupeleke!"

"Ndiyo hayo!" akasema, na sauti ikapanda. "Nikupeleke, nikurudishe. Wenzangu wanakaa pale posta kila Jumamosi, wanakunywa chai yao, wananicheka. Mzee Rula siku hizi analetwa na kuchukuliwa kama kifurushi. Nikasema leo nitakwenda mwenyewe. Nimekwenda pole pole, nyuma ya basi, nimerudi pole pole, nyuma ya basi. Nimegonga mtu? Gari lina mchubuko?"

Macho yake tulijua si mazuri. Mwenyewe alisema yana ukungu asubuhi kama kioo cha lori, na yakishapata joto yanakaa sawa. Hospitali hataki kuisikia. Leseni alikuwa ameihuisha miaka ya nyuma, kabla ya ukungu, na bado ilikuwa hai. Mimi nilichofanya ni kuuchukua usukani, nikaona nimemaliza kazi.

Nikamweleza habari ya kibali. Nilimweleza kwa kelele, halafu kwa kuomba. Na baba, badala ya kukasirika, akakaa wima. Uso wote ukafunguka.

"Basi hilo tu? Nitakuja niseme. Dereva nilikuwa mimi. Mke wangu, shati langu jeupe liko wapi?"

"Lipo," akasema mama, bila kuinua kichwa kwenye sinia.

Nikafurahi, nisiseme uongo. Nikaona mambo yamenyooka: baba atabeba kosa, yeye halimdhuru kitu, mimi nafundisha kama kawaida. Nikaingia jikoni kunywa maji na mama akanifuata, bado ameshika punje za mchele mkononi.

"Usimpeleke," akasema.

"Nisimpeleke wapi?"

"Huko. Usimpeleke tu."

"Mama, nikipoteza kibali tutakula nini? Hiyo redio?"

"Tutakula tutakachokula."

"Nipe sababu basi! Mnaniambia nusu nusu, mimi ni mtoto?"

Mama akaniangalia kama anayepima kitu, kisha akafumba mdomo. Mama yangu akiamua kunyamaza, hata umchome na moto hasemi. Nikatoka mle jikoni nimekasirika, nikamwambia baba aliyosema mama, na baba akacheka tu, akasema wanawake wanaogopa ofisi.

Jumatano sikukalika. Nikimfundisha mtu, nampigia kelele kabla hajakosea. Daktari wa meno aliniuliza kama nina jino linanisumbua, nikamwambia angalia mbele. Nilipofika nyumbani baba alikuwa ameshanyoa ndevu, na alikuwa anarudia maneno yake peke yake, kama mtoto wa shule anayekariri: mimi, dereva mstaafu, ninakiri kwamba.

Alhamisi tukaenda. Ofisi za halmashauri zina ngazi nyingi zisizo na sababu, baba akaweka mkono begani kwangu, tukapanda. Alikuwa ananiwekea mkono begani siku zote tangu astaafu, na mimi nilikuwa naona ni mapenzi.

Chumba kilikuwa kidogo: meza ndefu ya mbao iliyong'arishwa, feni inayozunguka bila kupoza, Bwana Subiri na kompyuta yake upande mmoja, na katikati mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo. Alimwamkia baba kwa heshima kabla ya yote. Nikampenda hapo hapo.

"Mzee, tueleze mwenyewe ilikuwaje."

Baba akaeleza. Loo, aliongea vizuri baba yangu! Alieleza barabara kutoka kwetu mpaka posta, kila kona, kila mteremko, pale penye daraja unatakiwa upunguze gia, pale penye ghala la saruji unakaa kushoto kwa sababu malori yanatoka bila kuangalia. Bwana Subiri aliacha kuandika akawa anasikiliza. Mimi nilikuwa napigisha mguu chini ya meza, natamani amalize, atie sahihi, twende. Lakini kuna kitu kilinikereketa. Ghala la saruji lilivunjwa zamani. Pale sasa ni kituo cha mafuta.

"Halafu nikapaki kwenye sehemu ya malori, mbele ya posta, ndani ya mistari myeupe," akamaliza. "Sijawahi kukanyaga mstari."

Mwenyekiti akaivaa miwani yake, akatazama picha, akamtazama baba.

"Mzee, sehemu ya malori iliondolewa. Mistari ilifutwa, barabara yote imepakwa rangi nyekundu. Na hapa mbele ya gari lako kuna bango kubwa. Uliliona?"

"Nililiona."

"Linasemaje?"

Baba hakusita hata kidogo. "Malori mwisho hapa."

Hilo bango nalikumbuka. Nilikuwa nalisoma nikiwa mdogo, nimekaa katikati ya baba na utingo wake, najifunza herufi. Limeng'olewa siku nyingi. Feni ikawa inazunguka. Bado nikajiambia amesahau tu, mzee, kala chumvi nyingi. Nilitaka sana iwe amesahau.

"Sawa," akasema mwenyekiti taratibu. "Basi mzee tia sahihi, tumalize." Akamsogezea karatasi na kalamu, akaviweka mbele yake.

Baba akaipapasa kalamu, akaipata. Akakunja mkono wa shati kidogo, kama mtu anayejua anachofanya. Kisha akatia sahihi yake ndefu ya kidereva, yenye mkia, kwa mbwembwe, juu ya meza.

Karatasi ilikuwa pembeni, haikuguswa. Wino ukakaa kwenye mbao.

Sijui kama niliwahi kupatwa na kitu kama kile. Hasira yangu ya siku zote, ile inayonisaidia, niliitafuta sikuiona. Alikuwa haoni. Siyo ukungu, siyo asubuhi. Haoni! Ameendesha gari langu katikati ya mji kwa kusikiliza mngurumo wa basi na kwa kukumbuka. Watoto wangapi walivuka barabara ile Jumamosi? Na mama alijua. Na mimi ninayelala chumba cha pili sikujua. Nikamwangalia Bwana Subiri, naye anaangalia meza. Nikaona atasema, "Mzee, umekosea, tia hapa," na nikaona baba atajua kwamba wote wameona. Basi mdomo ukaniponyoka.

"Mama mwenyekiti, nilikuwa mimi! Mimi ndiye niliyeendesha. Baba ananisaidia tu. Andika mimi, chukueni kibali, tuondoke."

"Nyamaza," akasema baba.

Alisema bila ukali. Mkono wake ulikuwa bado juu ya meza, na vidole vikaanza kutembea pale alipoandika. Vikapita kwenye wino, vikapata ubao, vikaenda mbele mpaka vikagusa ukingo wa karatasi. Vikasimama hapo.

"Hii ni meza," akasema.

Mwenyekiti alikuwa ameivua miwani.

"Jamani, semeni. Hii niliyoandika ni meza?"

"Ndiyo, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa anaingoja. Halafu akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa leseni yake. Alikuwa ameifunga kwenye nailoni isipate vumbi. Akaishika kwanza. Akapitisha kidole gumba juu yake, na mimi nikawa nalia wazi wazi, sijali, makamasi na kila kitu.

"Mama, ichukueni hii," akamwambia mwenyekiti. "Mimi si dereva tena, nimejua siku nyingi. Nilikuwa naona haya. Mtu niliyekuwa namwambia mwanangu angalia mbele, nimwambieje sioni mbele? Lakini Jumamosi aliyeendesha ni mimi, wala si yeye. Yeye hapaki hivyo. Nimemfundisha miaka, jiwe hajawahi kuweka."

Mwenyekiti akaipokea leseni kwa mikono miwili. Akamshika baba mkono, akauweka juu ya karatasi mwenyewe, na baba akatia sahihi pale penyewe. Bwana Subiri akasema rufaa yangu imekubaliwa, na kibali changu kiko salama. Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu Jumatatu, sikulala, sikula, na sasa imekuja sikujua niifanye nini. Nikasema asante. Nikamuomba kitambaa nifute meza, akasema, "Iache, mama."

Tukashuka ngazi. Safari hii nilimshika mimi, na nikawa namhesabia kila daraja kwa sauti mpaka akaniambia yeye ni kipofu, si kiziwi. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno lile, na alilitamka kwa kuchokoza, lakini mkono wake ulinikaza.

Garini sikuweza kunyamaza. Nikinyamaza nitalia tena na barabara siioni. Nikaanza kumwambia kila kitu ninachokipita. Ghala la saruji hakuna, baba, ni kituo cha mafuta. Kuna mwanamke anavuka na ndoo, anatembea kama barabara ni ya babake. Posta wameipaka rangi ya maziwa, mbaya. Wenzako wale pale wawili, yule mrefu kavaa kofia. Na kesho tunakwenda hospitali, usiniambie habari ya joto, hata kama ni kukubeba. Baba akawa anageuza uso upande ninaosema, anaitikia, "Ehe. Ehe." Pale penye taa tukasimama, nyekundu, nikamwambia nyekundu.

"Na wewe?" akasema.

"Mimi nini?"

"Ukoje? Mama yako anasema umekonda."

Nimeishi nyumba moja na baba yangu tangu nirudi. Kila asubuhi namwamkia, na kila asubuhi ananiuliza mbona leo nimependeza.

Nikauchukua mkono wake, nikauweka shavuni. Akanipapasa taratibu, mfupa wa shavu, kidevu, chini ya macho palipolowa. Taa ikawa kijani, basi nyuma yetu likaanza kupiga honi, na mimi sikuondoa gari.

"Umekonda kweli," akasema baba.